Turbo Haina Mapepo, Kuna Hewa Inapotea

Wacha nianze na aibu yangu.

Mwezi wa nne nilikuwa natoka Nakuru na mamangu. Tumepita Kinungi, tunapanda kuelekea Soko Mjinga, mbele yetu lori la mzigo linatambaa. Barabara ikafunguka, nikawasha indiketa, nikakanyaga mafuta. Turbo ikaanza kuvuta vizuri, halafu katikati ya kupita lori gari ikakata pumzi. Ikashtuka mara tatu, kama mtu amepaliwa na chai. Matatu inakuja kutoka juu, inaniwashia taa. Nikarudi nyuma ya lori nikitetemeka.

Mama hakusema neno mpaka Limuru. Hapo ndipo aliniuliza, "Uliacha chuo, na sasa hata gari imekushinda?"

Hiyo iliniuma kuliko lori. Na ukweli ni kwamba gari ilikuwa inanishinda. Ni wagoni ya Kijapani ya 2004, injini ya lita 2 yenye turbo. Ndiyo inabeba kamera zangu kwenda kushuti harusi, kwa hivyo ikilala na mimi nalala njaa. Ilikuwa imemisi kwa miezi miwili. Fundi wa kwanza alichomeka mashine, ikatoa msimbo P0300, akaniuzia plagi mpya. Wa pili akaniuzia koili nne. Wa tatu akasema ni sensa. Elfu 38 zikaenda, gari bado inakohoa. Mwishowe nikaambiwa ile ambayo kila mtu hapa Kenya huambiwa: "Turbo ni shida, kijana. Uza."

Sikuuza. Nilikaa chini nikaanza kusoma hii kitu ilitoka wapi. Na naamini kabisa kwamba historia ya turbo ndiyo ilinitengenezea gari. Nisikilize.

Mwaka wa 1905, injinia wa Uswisi kwa jina Alfred Büchi alisajili wazo moja rahisi. Injini inatupa moshi wa moto kupitia ekzosi, na ule moshi bado una nguvu. Kwa nini usiufanyishe kazi? Uzungushe gurudumu dogo, na hilo gurudumu lizungushe lingine upande wa pili, lisukume hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma mafuta mengi, na nguvu inaongezeka. Ilimchukua miaka 20 kuonyesha kwamba inafanya kazi sawasawa. Mwaka wa 1925 alifaulu kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa asilimia 40 hivi. Miaka 20, na watu wengi hawakuwa wanamwamini. Mimi nilikata tamaa baada ya miezi miwili.

Sasa sikia hii inayotuhusu sisi watu wa milimani. Mwaka wa 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300. Chini kwenye usawa wa bahari injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 350. Kule juu, bila turbo, ilishuka hadi kama 230. Alipofunga turbo, ikarudi 356. Hewa ya mlimani ni nyepesi, injini inavuta pumzi lakini haishibi. Turbo ndiyo iliirudishia pumzi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru inapita 2,000. Hapa Nairobi tu, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kwa hivyo mtu akikuambia turbo ni fujo ya vijana wanaopenda kelele, mwambie ilitengenezewa mahali kama kwetu.

Lakini kuna historia ya pili, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Mwaka wa 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari inaitwa Jetfire, moja ya magari mawili ya kwanza ya turbo kuuziwa watu wa kawaida. Injini yake ilikuwa inabana hewa sana, na ukiongeza turbo juu yake mafuta yanalipuka kabla ya wakati. Ndani ya injini unasikia kama mtu anagonga na nyundo. Wakaweka tanki dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yapoze ile hewa. Wakayaita Turbo Rocket Fluid.

Kazi ya mwenye gari ilikuwa kujaza hilo tanki tu. Wengi hawakujaza. Tanki likikauka, gari inajikinga yenyewe, inakata nguvu ya turbo. Wenye magari wakaona gari imekuwa nzito, wakalalamika. Mwaka wa 1965 kampuni ikakubali kuwaondolea turbo na kuwawekea kabureta ya kawaida. Unaona? Mashine ilikuwa inajaribu kusema "niongezee maji", watu wakasikia "turbo ni shida". Miaka 60 baadaye, fundi wangu wa tatu alisema maneno yale yale.

Waliosikiliza walikuwa Waswidi. Saab walileta 99 Turbo mwishoni mwa miaka ya sabini, na injinia wao Per Gillbrand akasaidia kutengeneza mfumo ambao injini inawekewa sikio. Kihisio kidogo kinakaa kwenye injini, kikisikia ile nyundo, presha ya turbo inapunguzwa papo hapo. Ulikuwa kwenye magari yao mwaka wa 1982. Kutoka hapo turbo ikawa kitu cha hesabu. Magari ya baadaye kama yangu yana kompyuta inayopima kila gramu ya hewa inayoingia, halafu inapima mafuta ya kuendana nayo. Weka hilo neno "hesabu" akilini, tutarudi kwake.

Huku kwetu turbo iliingia kwa vumbi. Safari Rally ilianza 1953, lakini mpaka 1984 hakuna gari ya turbo iliyokuwa imeshinda. Mwaka huo Björn Waldegård akashinda na Toyota Celica ya turbo, na Celica ikarudia 1985 na 1986. Mwaka wa 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan akashinda na Celica ya turbo. Halafu 1997 Colin McRae akaja na Subaru Impreza ya bluu, akashinda, na mapenzi ya Wakenya kwa Subaru hayajawahi kupoa tangu hapo.

Shida ni kwamba tulipenda gari tukasahau watu waliosimama nyuma yake. McRae hakuwa anaendesha peke yake. Kila mahali kulikuwa na mafundi wanaomsubiri wakiwa na spea na wanajua kila paipu inaenda wapi. Sisi tulipata magari kupitia bandari ya Mombasa, yametumika Japani miaka hadi 8 jinsi sheria inavyoruhusu. Kitabu cha maelezo kama kipo ni cha Kijapani, na mwenye gari wa kwanza huku ameshabadilisha vitu vyake bila kuandika popote. Tulirithi mashine bila maarifa yake.

Nikarudi kwa ile gari na swali moja tu: hewa inapotelea wapi?

Fikiria hesabu ya kompyuta. Sensa inapima hewa mlangoni, kabla ya turbo. Tuseme imehesabu gramu 10, basi inamwaga mafuta ya gramu 10. Lakini kama kuna paipu imepasuka baada ya turbo, labda gramu 8 tu ndizo zinafika. Mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, cheche inazama, gari inakohoa na kunuka petroli. Ukiendesha polepole hakuna presha, ule mpasuko umejifunga, huoni kitu. Ukikanyaga, unafunguka. Ndiyo maana ilikata pumzi mlimani na sio kwenye foleni ya Waiyaki Way. Na ndiyo maana P0300 haikunisaidia. Huo msimbo unasema tu kwamba mitungi inamisi. Kwa nini inamisi, hausemi.

Nilimpelekea mzee mmoja mtaani, fundi wa zamani asiye na mashine yoyote ya kusoma gari. Nikamweleza. Akacheka, akaniambia, "Kijana, hiyo ni pancha."

Aliziba mdomo wa turbo na kifuniko alichotoboa na kufunga vali ya tairi. Tukaenda kwa jirani wa pancha, tukaomba hewa, kidogo tu, chini ya nusu ya presha ya tairi, kwa sababu ukizidisha unaharibu sili. Akachukua maji ya sabuni, akamwagia paipu moja moja. Chini ya intakula, pale mpira unapobanwa na klipu, povu likaanza kuchemka. Mpasuko wa urefu wa ukucha wangu, upande usioonekana. Mpira na klipu mpya zilinigharimu elfu 2 mia 5.

Sisemi plagi huwa sio tatizo. Hewa ikibanwa sana cheche inapata taabu kuruka, kwa hivyo kwenye turbo plagi zilizochoka humisi haraka. Koili pia hufa. Nasema tu anza na kile kisicho na gharama: sikiliza inamisi lini, ikiwa baridi au moto, ikiwa polepole au ukikanyaga. Tafuta uvujaji kwa sabuni. Angalia kama mwenye gari wa kwanza aliweka ile vali ya kupiga "pshhh" nje, kwa sababu nayo inatupa hewa ambayo imeshahesabiwa, na gari inajikwaa kila ukibadilisha gia. Ukimaliza hapo ndipo ufungue pochi.

Wiki iliyopita tulipanda tena ile barabara na mama. Kinungi tukapata lori. Nilingoja, nikaangalia mara mbili, nikakanyaga. Ikavuta mpaka mwisho bila kushtuka.

Mama aliangalia nje ya dirisha muda mrefu. Halafu akauliza, "Hiyo kitu uliisomea wapi?"

Nikamwambia nilijisomea tu nyumbani, usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nipunguze mwendo, tununue viazi Soko Mjinga.