Vyombo vya kulishia watoto: kipi kivushwe Petite Barrière

Mfanyabiashara wa Rubavu anayevusha chupa za watoto kwenda Goma atazame kwanza kitako cha chupa. Alama 5, au PP, ni plastiki inayostahimili kuchemshwa. Alama 7 huenda ikawa polikaboneti yenye BPA, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka 2011.

Lakini bidhaa inayofaa zaidi ni kikombe kidogo cha wazi, chenye ukingo laini. Chuchu ya chupa huficha uchafu, na Goma ni mji unaorudiwa na kipindupindu. Kikombe huoshwa kwa sabuni na maji safi. Mapacha wakila mara 8 kila mmoja, ni chupa 16 za kuchemsha kwa siku. Mkaa nao unanunuliwa.