Kuwinda Bila Kumwaga Damu

Zamani mtoto wa kwetu alijua tabia za wanyama kwa kuchunga mbuzi na kufuatana na wazee porini. Siku hizi watoto wengi hushinda darasani, na elimu ile inapotea. Kwa hiyo twaona yafaa kuwakumbuka waliotafuta dawa ya upotevu huo mbele yetu.

Ernest Thompson Seton alizaliwa Uingereza mwaka 1860, akakulia Kanada. Mwaka 1894 alikuwa New Mexico, nchi ya Marekani, akiwatega mbwa-mwitu waliokula ng'ombe. Kwanza alimwua jike. Kisha dume, mkuu wa kundi, alipokuja kumtafuta mwenziwe, akanaswa naye, akafa. Jambo lile lilimchoma Seton moyo, na tangu hapo akatumia kalamu yake kuwatetea wanyama. Wakati ule hata nyati wa bara lile, waliokuwa mamilioni, walikuwa wamebaki mamia tu.

Mwaka 1902 alikuwa na shamba huko Cos Cob, Connecticut. Wavulana wa jirani walimharibia ua wake. Naye hakuwashitaki, bali aliwaalika wapige kambi shambani mwake. Huko akawafundisha kuwinda ayala, mnyama mfano wa kulungu. Lakini ayala huyo alikuwa wa majani makavu na gunia. Mmoja alitangulia kumficha msituni, akiacha alama njiani, wengine wakazifuata. Aliyemwona kwanza alipewa haki ya kupiga mshale wa kwanza. Mwenye kukimbia ovyo alizipoteza nyayo. Hivyo miguu na macho vilifundishwa pamoja, wala damu haikumwagika.

Mwaka 1906 Seton alikutana na Baden-Powell huko London. Mwaka uliofuata Baden-Powell akapiga kambi ya wavulana kisiwani Brownsea, na michezo ya kunyatia na kufuata nyayo ikaenea duniani pamoja na Skauti. Yeye mwenyewe alifariki Kenya mwaka 1941, na kaburi lake liko Nyeri.

Basi, walimu wenzetu na wazazi, tujaribu. Watoto wengine wawe majani, wengine paa, wachache chui. Kila paa akamate jani lake; akikosa, atoke. Punguzeni majani, mtaona paa wakitoka, kisha chui nao wakikosa chakula. Mtoto aliyecheza hivyo atafahamu kwa nini anayechoma pori huwafukuza hata wanyama ambao moto haukuwagusa.