Kahama Yetu: Mji Uliojengwa na Njia

Ndugu zetu wana-Kahama, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mwaka, kabla ya kuwaomba mchango, huwa tunakumbushana tulikotoka. Safari hii tunajibu swali la watoto wetu: mji wetu hauna ziwa, hauna stesheni ya reli, na mgodi uliokuwa jirani umefungwa. Mbona umekua?

Umekua kwa sababu ya njia. Kabla ya ukoloni, wazee wetu Wasumbwa na Wanyamwezi walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu. Walifuata shaba hadi Katanga, na mmoja wao, Msiri, alibaki huko akaanzisha ufalme wenye makao yake Bunkeya, akautawala hadi alipouawa mwaka 1891. Misafara mingine ilipita nchini kwetu ikitoka Tabora kwenda ziwani.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, ilituacha pembeni ikapita Isaka na Shinyanga. Wenzetu wa Shinyanga wakapata vinu vya pamba, kisha almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940. Sisi tulibaki na jembe na ng'ombe. Lakini bandari kavu ya Isaka ilipoanza kupokea mizigo ya Rwanda na Burundi, malori yalipita kwetu kuelekea Rusumo na Kabanga. Penye malori pana mama lishe, gereji na nyumba za wageni. Mpunga wetu nao ukapata wanunuzi wa mbali, na mashine za kukoboa zikaongezeka.

Kisha dhahabu. Bulyanhulu ilianza na maduara ya wachimbaji wadogo miaka ya 1970. Agosti 1996 wakaondolewa, na wapo miongoni mwetu ambao bado wana uchungu wa siku zile. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Viwanja vilipanda bei, nyumba za kupangisha zikajengwa Nyasubi, Majengo na Mhungula.

Mwaka 2021 mji wetu ulipandishwa hadhi kuwa Manispaa. Mwaka huohuo Buzwagi ikafungwa. Jirani zetu wa Geita walishalipata somo hili: mgodi wao wa zamani ulifungwa mwaka 1966, wakasubiri zaidi ya miaka 30 hadi mwingine ulipoanza.

Tunajifunza nini? Pembe, shaba na dhahabu vyote vilikuja na vikaondoka, au vitaondoka. Kilichobaki kila mara ni watu wanaojua kupima, kuhesabu, kulima na kuuza. Watu hao hawachimbwi ardhini, wanafundishwa.

Ndiyo maana mwaka huu tunajenga bweni la wasichana. Binti anayetembea kilomita nyingi alfajiri, akirudi gizani, mara nyingi haifiki kidato cha nne. Tunawajua walioolewa njiani. Kuta zimefika kwenye lenta. Zimebaki bati, milango na vitanda.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hesabu ya kila shilingi mliyochanga mwaka jana iko ukurasa wa mwisho, isomeni, mtuulize. Kisha mtume mlichonacho. Njia ilitujengea mji. Sasa tuujenge wenyewe.