Kubadilisha injini ya gari iwe ya dizeli: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma

MVUA inaponyesha katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, udongo mwekundu wa njia za vijijini hugeuka utelezi ambao gari la kawaida haliuwezi. Hata hivyo, mazao hayangoji jua. Ndizi na mboga zinazouzwa katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, hutoka katika mashamba ya mitelemko mikali. Majani chai ya Nyamira hayana budi kufika kiwandani yakiwa mabichi, nayo mawe laini ya Tabaka, yanayochongwa vinyago, ni mzigo usio na huruma kwa chombo chochote. Mwenye gari linalovuta kwa magurudumu manne huwa na riziki hata siku ambayo wenzake wamekwama.

Magari mapya ya aina hiyo ni ghali mno. Isitoshe, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, makongwe yaliyomo nchini hutunzwa na kufufuliwa. Land Rover ya miaka ya 1970 au Toyota Hilux ya miaka ya 1980, ambayo injini yake ya petroli imechoka, hung'olewa moyo huo wa zamani na kutiwa injini ya dizeli iliyotoka katika gari jingine. Kazi hii hufanywa katika gereji za jua kali kote nchini, na aghalabu husimamiwa na mwenye gari mwenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini sehemu iliyo ngumu zaidi si ile ya kuifanya injini mpya ingurume.

Si jambo geni

Kutia injini ya kampuni moja katika gari la kampuni nyingine si ubunifu wa vichochoroni pekee. Jeshi la Australia, kuanzia mwaka 1987, lilipokea magari ya Land Rover 110 yaliyoundwa nchini humo yakiwa na injini ya dizeli ya Isuzu aina ya 4BD1, yenye ujazo wa lita 3.9. Hapa Kenya, mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kwa nia ya kuchangisha fedha za kuhifadhi msitu wa Aberdare, yamekuwa uwanja wa kuonyesha magari yaliyoundwa upya na wamiliki wake ili yaweze kupita pasipo na njia.

Tofauti ni kwamba magari hayo yalipimwa na kukaguliwa kabla ya kutumika. Gari la kubeba ndizi halina budi kupata uangalifu uo huo, maana hubeba pia watu.

Kwa nini dizeli?

Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuikamilisha mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikawa moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Injini ya petroli ya zamani hubana hewa takriban mara 8 au 9, ilhali Toyota 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyoanza kutiwa katika Land Cruiser mwaka 1990, huibana zaidi ya mara 22.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mafuta hutumika kwa uchache zaidi. Pili, nguvu ya kuzungusha magurudumu hupatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa katika matope na vilima. Aidha, kwa kuwa hakuna nyaya za cheche za kulowa, injini haizimiki kwa urahisi gari linapovuka kijito. Lakini maji yakiingia katika mdomo wa kuvutia hewa, hasara ni kubwa kuliko ya petroli: maji hayabaniki, na fimbo za pistoni hupinda papo hapo. Ndiyo maana bomba la hewa hupandishwa hadi usawa wa paa.

Kuchagua injini

Injini ambazo mafundi wengi huzipenda ni zile ambazo vipuri vyake viko kila mahali: Toyota 3L ya lita 2.8, Toyota 1HZ, Nissan TD27 na Isuzu 4JA1 ya lita 2.5. Zote hizi zinapatikana zikiwa na pampu ya dizeli inayoendeshwa kimitambo, hivyo fundi anaweza kuifungua na kuirekebisha bila kompyuta. Injini za baadaye, mathalani Toyota 1KD-FTV, hutawaliwa na kompyuta. Zina nguvu zaidi, lakini humlazimu fundi kuhamisha pia kompyuta yenyewe, nyaya zake na vipimo vyake vyote.

Mnunuzi asikubali injini tupu. Aidai pamoja na pampu yake, alteneta, stata, feni na, ikiwezekana, giaboksi yake. Ahakikishe pia ikiwa ni ya volti 12 au 24, kwa kuwa baadhi ya magari ya dizeli kutoka Japani hutumia volti 24. Stata na vipasha joto vya volti 24 vikiunganishwa na betri moja ya volti 12, gari halitawaka asubuhi ya baridi, na fundi atahangaika kutafuta kosa katika pampu isiyo na hatia.

Kuiketisha injini

Hatua ya kwanza ni kupima. Bakuli la oili lisigonge ekseli ya mbele springi zinapobonyea, na feni iwe na nafasi mbele ya rejeta. Vikalio vya injini hutengenezwa kwa chuma kinene na kuchomelewa kwenye chesisi, vikiwa na mipira ya kupunguza mtikisiko, kwa kuwa dizeli hutetemeka kuliko petroli.

Ikiwa giaboksi ya zamani itabakishwa, sahani ya kuunganishia huchongwa na fundi wa mashine. Hapa hakuna nafasi ya kukadiria kwa macho: mhimili wa injini na wa giaboksi visipolingana sawasawa, klachi na beringi huharibika mapema. Fauka ya hayo, giaboksi na ekseli zilizoundwa kwa injini dogo huenda zisistahimili nguvu mpya.

Uzito nao huongezeka. Springi za mbele zilizotosha injini ya petroli hulala chini ya dizeli ya silinda sita, usukani huwa mzito, na breki za mbele hubeba mzigo ambazo hazikuundiwa.

Joto la milimani

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye takriban nyuzi 94 za Selisiasi badala ya 100. Injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake. Fundi anayeongeza dizeli katika pampu ili kufidia upungufu huo huzidisha moshi mweusi na joto tu, kwa sababu hewa ya kuyachoma mafuta hayo haipo.

Kwa hiyo rejeta iwe ile iliyokusudiwa injini hiyo au kubwa zaidi, na mfuniko wake ushike shinikizo barabara. Gari linalopanda polepole likiwa na mzigo halipati upepo wa mwendo. Hutegemea feni pekee.

Mafuta na kuzima

Tangi lililokuwa la petroli huoshwa, na bomba la kurudishia dizeli inayosazwa na pampu na nozeli huongezwa. Chujio lenye uwezo wa kutenganisha maji ni la lazima. Dizeli hulainisha pampu inapopita ndani yake, na iliyochanganywa na mafuta ya taa huikausha na kuisaga. Uovu huo ulienea kiasi cha kuifanya serikali, Septemba 2018, kutoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili faida ya kuchanganya itoweke.

Jambo jingine husahaulika: dizeli haizimiki kwa kukata cheche. Ni sharti pawe na swichi ya umeme au waya wa kukata mafuta kwenye pampu, unaofikiwa na dereva akiwa ameketi.

Breki: hapa ndipo penye roho za watu

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kauli hiyo ni kama ilitungwa kwa ajili ya kazi hii.

Injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia kilango kilichofungwa nusu, hutengeneza ombwe, yaani hali ya kukosekana kwa hewa. Ombwe hilo ndilo linaloendesha servo, kile chombo cha mviringo kinachousaidia mguu wa dereva kubonyeza breki. Injini nyingi za dizeli hazina kilango hicho, hivyo hazitengenezi ombwe la kutosha. Watengenezaji huweka pampu maalumu ya kulizalisha, aghalabu nyuma ya alteneta.

Fundi akitia alteneta isiyo na pampu hiyo, gari litawaka, litavuta vizuri, na litapanda kilima kwa madaha. Kisha litateremka na mzigo, na dereva atakuta kanyagio gumu kama jiwe. Breki bado zipo, ila zitadai nguvu ambayo si kila mguu unayo.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji ala yoyote. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza breki mara kadhaa hadi kanyagio liwe gumu. Endelea kulishikilia, kisha washa injini. Likizama kidogo chini ya mguu, servo inafanya kazi. Lisipozama, gari hilo lisiondoke gerejini. Vilevile mabomba ya oili yanayolainisha pampu ya ombwe yakaguliwe mara kwa mara, kwani yakipasuka injini hupoteza oili yote.

Kuna dhana kwamba dizeli hulizuia gari lenyewe mtelemkoni. Si kweli kwa kiwango kinachodhaniwa. Bila kilango cha hewa, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika kubana hewa hurejeshwa pistoni inaposhuka. Ndiyo sababu malori kama Canter huwekewa kilango cha kuzuia moshi katika bomba. Dereva wa gari lililobadilishwa ateremke kwa gia ndogo aliyoichagua kabla ya mtelemko kuanza, wala asiweke gari huru kwa tamaa ya kuokoa mafuta.

Karatasi

Logibuku ya gari la Kenya huonyesha nambari ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Vyote vitatu hubadilika injini inapobadilishwa, na mmiliki anapaswa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Stakabadhi ya ununuzi na nyaraka za forodha zihifadhiwe, la sivyo mwenye gari huenda akashindwa kuthibitisha kwamba injini si ya wizi. Kampuni ya bima nayo ielezwe, kwa maana mkataba wa bima husimama juu ya ukweli, na ajali si wakati mwafaka wa kuanza kuusema.

Gari likimaliza hayo yote, lijaribiwe tupu, kisha kwa nusu ya mzigo, kisha kwa mzigo kamili, na kila mara likaguliwe uvujaji na nati zilizolegea. Mwenye gari atenge fedha za breki, rejeta na springi kabla ya kulipia injini. Zisipotosha kwa vyote, ni heri asubiri msimu mmoja zaidi.