Mpangilio upya wa Beckmann

Mpangilio upya wa Beckmann ni mmenyuko wa kemia ogania unaogeuza oksimu kuwa amidi bila kuongeza wala kupunguza atomi hata moja. Kinachobadilika ni nani kashikana na nani. Uliripotiwa mwaka 1886 na mwanakemia Mjerumani Ernst Otto Beckmann.

Asidi kali, mara nyingi ya sulfuriki, huliandaa kundi la hidroksili lililo kwenye nitrojeni liondoke kama maji. Linapong'oka, kundi lililo mkabala nalo, ng'ambo ya kifungo maradufu, huhama kutoka kwenye kaboni na kuingia kwenye nitrojeni. Kisha maji huiendea kaboni iliyopungukiwa elektroni. Kwa miaka mingi iliaminiwa, kimakosa, kwamba linalohama ni kundi la upande uleule. Jakob Meisenheimer alilisahihisha hilo mwaka 1921.

Viwandani, oksimu ya sikloheksanoni hutoa kaprolaktamu, malighafi ya nailoni 6. Katika njia ya zamani asidi huvunjwa makali kwa amonia, na hapo hupatikana salfeti ya amonia kwa wingi, mbolea ambayo wakulima wa Tanzania huijua kwa jina la SA.