Wimbo wa Taifa wa Kenya na Mafunzo Yake katika Bonde la Ufa la Kati

Nyimbo za mataifa aghalabu huchunguzwa kama alama za dola, sambamba na bendera. Ni nadra kuchunguzwa kama matini ya lugha yenye asili, sarufi na historia ya kufundishwa. Makala haya yanakusudia kuutazama Wimbo wa Taifa wa Kenya kwa jicho hilo la pili, hasa katika Nakuru na viunga vyake, mahali ambapo maneno ya wimbo huo yametiwa katika mizani mara kwa mara.

Wimbo huu ulitungwa mwaka 1963 na jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani yake ilichukuliwa kutoka kwa bembelezi ya Wapokomo, wenyeji wa kingo za Mto Tana. Uteuzi huo una maana kwa mwanaisimu. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu katika kundi la Kisabaki, na lugha zote mbili zina muundo wa silabi wazi. Tanganyika ilikuwa imechukua lahani ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, na Uganda ilikuwa imepata mwaka 1962 wimbo wa George Kakoma wenye maneno ya Kiingereza. Kenya ilichota kisimani mwake lahani, na maneno ikayatunga kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Agosti, Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwahutubia walowezi mjini Nakuru, akawaomba wabaki na kuwahimiza watu wote wasameheane yaliyopita. Mji huo, uliofikiwa na reli mwaka 1900, ulikuwa kitovu cha mashamba ya wazungu. Wafanyakazi wa mashamba hayo walitoka katika makabila mengi, na baina yao na mabwana zao kilitumika Kiswahili kilichokatwakatwa, maarufu kwa jina la Kisetla, ambacho kilikuwa hasa lugha ya kuamrisha. Basi Kiswahili cha Wimbo wa Taifa kiliwafikia watu wa Njoro, Molo na Subukia kikiwa na sura mpya: lugha waliyoizoea katika amri sasa ilikuwa ya dua.

Tofauti hiyo imo ndani ya sarufi yenyewe. Vitenzi vya wimbo huu, karibu vyote, vimeishia kwa irabu e ya kuomba na kuhimiza, na kiambishi cha nafsi kinachotawala ni kile cha wingi, tu. Hapana mahali ambapo wimbo unadai kwamba undugu au amani vimekwisha kupatikana. Ubeti wa kwanza unaomba, nao wa pili na wa tatu inahimiza utumishi, ulinzi na ujenzi wa pamoja. Msamiati nao umechanganya asili: haki, amani na baraka ni maneno yenye shina la Kiarabu, hali nguvu, ngao na undugu ni ya Kibantu.

Ugumu ulikuwa katika kufundisha. Baada ya uhuru, shule nyingi za msingi zilitumia Kiingereza tangu madarasa ya chini, na Kiswahili hakikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, watoto wengi waliweza kuukariri wimbo kwa sikio pasipo kufafanuliwa maneno yake. Lugha za nyumbani zilichangia: Kikuyu hakitofautishi l na r, na Kikalenjini hakitenganishi b na p, wala g na k, kama Kiswahili kifanyavyo. Neno mlinzi, lenye silabi tatu, lilikuwa mtihani kwa asiyezoea m inayosimama peke yake. Makosa ya matamshi hurekebishwa kwa mazoezi. Hatari kubwa zaidi ni mtu kutamka sawasawa neno ambalo hakupata kuelezwa maana yake.

Hatari hiyo si ya darasani tu. Ghasia za mwaka 1992 huko Molo, za mwaka 1998 huko Njoro, na zile za Januari 2008 mjini Nakuru na Naivasha ziliwafukuza majirani waliokuwa wakiimba wimbo mmoja kwa miaka mingi. Wako wanaohitimisha kwamba wimbo umesema uongo. Sarufi yake haikubali hitimisho hilo, kwani aombaye hatoi taarifa, na anayehimiza anakiri kwamba kazi bado ipo. Lililovunjwa ni ahadi ya waimbaji wenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 imeutaja Wimbo wa Taifa miongoni mwa alama za taifa na kuyaweka maneno yake katika jedwali, na imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa sheria, basi, matini imehifadhiwa. Kwa walimu wa lugha katika Bonde la Ufa imebaki kazi ya kuifundisha kama matini: kueleza shina la kila neno, kazi ya kila kitenzi, na hasa kwamba kiambishi tu hakimbagui jirani yeyote.