Ordinatere inawaka lakini haifiki mwisho: namna ya kutafuta programu inayogombana na zingine

Ordinatere inawaka, alama ya Windows inatokea, kisha kioo kinabaki cheusi ao cha bluu, ao mashine inajizima na kuanza upya bila kumaliza. Mbele ya shida hiyo, jibu linalosikika sana katika sekretaria za mjini ni moja: «Tufomate.» Lakini kufomate disiki ni kufuta vyote: buleti za wanafunzi, orodha ya wanachama wa koperative, hesabu za mwaka mzima. Na mara nyingine disiki haina ubaya wowote. Ni programu zinazogombana wakati wa kuanza, na yenye makosa inaweza kupatikana bila kupoteza fishie hata moja.

Ugomvi unatoka wapi?

Windows haianzi peke yake. Pamoja nayo zinaanza antivirusi, programu ya imprimante, piloti zinazoongoza vyombo kama kadi ya video, na zingine zilizojiandikisha zenyewe siku zilipoingizwa. Antivirusi ndizo zinajulikana sana kwa ugomvi: kila moja inataka kuchunguza fishie kabla haijafunguliwa. Defender, ile ya Windows yenyewe, kwa kawaida inajiweka pembeni ingine ikiingia. Lakini mbili za nje zikikaa pamoja, zinazuiana na kazi inalala.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona programu moja ya ulinzi inavyoweza kuzuia mashine kuanza. Fishie mbovu iliyotumwa na kampuni ya Marekani CrowdStrike iliangusha mashine za Windows karibu milioni 8,5, kwa hesabu ya Microsoft. Viwanja vya ndege na hospitali vilikwama. Dawa haikuwa kufomate: kwenye mashine nyingi, mafundi waliingia kwa «mode sans échec», wakafuta fishie ile, wakaanzisha upya.

Hatua za kufuata

1. Kumbuka kilichobadilika. Programu mpya, imprimante mpya, mise à jour ya jana: hapo ndipo pa kuanzia.

2. Ingia kwa «mode sans échec». Hapo Windows inaanza na vitu vya lazima tu. Mashine ikishindwa kuanza mara kadhaa, yenyewe inaleta ukurasa wa kuirekebisha. Chagua «Dépannage», «Options avancées», «Paramètres de démarrage», kisha «Redémarrer», na ufinye 4. Mashine zingine zitaomba kwanza namba ya BitLocker yenye tarakimu 48.

3. Ikifunguka, nakili kazi zako kwenye disiki ya nje ao kle USB kabla ya kugusa kingine.

4. Zima zinazoanza zenyewe. Finya Ctrl, Maj na Échap pamoja, fungua sehemu ya «Démarrage», uzime zote. Kisha andika «msconfig» katika sehemu ya kutafutia, fungua «Services», weka alama kwenye «Masquer tous les services Microsoft», ndipo uzime zinazobaki. Ukisahau alama hiyo, utazima hata za Windows yenyewe. Antivirusi ikizimwa, usiingie intaneti wala usipokee kle ya mtu.

5. Anzisha upya kwa kawaida. Ikienda vizuri, rudisha nusu ya zile ulizozima, uanzishe tena. Shida ikirudi, yenye makosa iko ndani ya nusu hiyo. Isiporudi, iko kwa ile ingine. Gawa tena. Kwa njia hii, programu 16 zinahitaji kuanzisha upya mara 4 hivi, si mara 16. Kama kila nusu peke yake inaenda vizuri, basi ni mbili zinazogombana, moja kila upande.

6. Ondoa ile iliyopatikana, ao tafuta toleo lake jipya, kisha rudisha zingine zote.

Kama si programu

Mashine ikikwama hata kwa «mode sans échec», sababu inaweza kuwa disiki, memwari, ao Windows yenyewe iliyoharibika, pengine umeme ulikatika wakati wa mise à jour. Hapo fundi anahitajika. Hata hivyo, disiki ambayo bado ni nzima inaweza kutolewa na kufungwa kwenye mashine ingine ili kazi zinakiliwe. Kabla ya kukubali kufomate, mwenye mashine aulize maswali mawili: je, «mode sans échec» imejaribiwa? Na kazi zimenakiliwa wapi?